Lalamiko Dhidi ya Jagi la Ghorofa ya Chini

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
Chumba namba mbili, jengo hili hili.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye kiu ya haki, maana kiu ya aina nyingine, kwa ninavyokuona siku hizi, umekwisha kuitibu.

Niruhusu nianze na asili ya jambo, kwa kuwa nilifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja na sijui kuanzia katikati. Ngazi zetu zina madirisha manne. Mwaka juzi fundi rangi alipaka fremu na ukingo wa kioo kwa pamoja, rangi ikakauka, na tangu hapo hayajafunguka. Hewa ya moto hupanda juu. Ikikosa pa kutokea, hukaa huko huko. Na huko huko, ghorofa ya tatu, ndiko ninakokaa mimi.

Nimeandaa waraka wa kumtaka mwenye nyumba ayafungue. Kanuni zetu zinadai saini kumi na tano, naye atafika Ijumaa. Leo ni Jumanne na nina saini tatu: yangu, ya mke wangu, na ya bwana mmoja aliyekwisha kuhama.

Aliyenikwamisha ni jirani yetu wa chini, mama fundi cherehani, na vinywaji vyake vya matunda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anawapoza watu. Kila mchana anaweka jagi juu ya meza ya kukatia vitambaa, anaacha mlango wazi, na kila apitaye anapewa glasi. Jana ilikuwa nanasi na tangawizi, leo tikiti maji na ndimu. Ifahamike kwamba mtu anaingia jengoni akiwa amefura, jasho linamchuruzika, anayalaani madirisha. Yaani ameiva kabisa kwa kutia saini. Mimi namngojea kwenye kona ya ngazi, kalamu mkononi. Anaponifikia ameshakunywa mbili na anatabasamu. Muuza dawa wa chumba namba tano, aliyeapa mbele yangu kuvunja vioo kwa kiatu, juzi alinipiga begani akasema, "Mwalimu, joto lipi tena?"

2. Hapimi. Nilimwomba maelezo ya utengenezaji ili nijue napambana na kitu gani. Akanijibu kwamba sukari ni "kiasi," tangawizi "isizidi," na maji "mpaka yenyewe yaseme basi." Nikaamua kutengeneza changu cha pasheni, kwa bika ya maabara na kipimajoto, nikasaga tunda pamoja na mbegu zake kwa dakika saba kamili. Mke wangu alionja, akatafuna kidogo, akauliza kama nimebakiza na kokoto.

3. Ameharibu tabia. Mzee Kimya wa chumba namba nane, ambaye kwa miaka tisa hajavuka salamu, sasa anahadithia harusi ya dada yake kwa mikono miwili. Seremala, anayekaa chini na wala haguswi na joto la ngazi, anafunga karakana mapema kuwahi barafu. Nisingeyasema hayo kama yasingenifika nyumbani. Kwa miaka mingi, ikifika saa nane mchana, mke wangu alikaa nami akijipepea kwa daftari huku nikimweleza kwa nini jasho linapokauka hupooza ngozi. Siku hizi saa nane hayupo. Nilimwuliza kama amechoka na maelezo. Alisema hata kidogo, ila kule chini jambo hilo hilo analielewa bila kuelezwa.

4. Wewe mwenyewe. Alhamisi iliyopita nilikuona umebeba jagi, si glasi. Utasema ulikuwa unalirudisha. Lilikuwa limejaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, vinywaji hivyo vizuiwe hadi Ijumaa jioni, watu wapate muda wa kukasirika inavyostahili. Ikishindikana, vinywewe vya moto. Ikishindikana na hilo, kila glasi itanguliwe na dakika tano za kusimama sebuleni kwangu, mlango umefungwa. Na yote yakishindikana, friji ya fundi itiwe kufuli na ufunguo nipewe mimi, mpangaji pekee ambaye hajaonja hata tone. Kila nipitapo mama yule huniambia, "Kaa kwanza, Mwalimu, madirisha hayakimbii." Sijakaa. Nimejikaza kisabuni.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako na mtoto mchanga. Waambie wote nawakumbuka, hasa huyo mtoto, ambaye bado hajachukua upande.

Wako katika jasho,
Mwalimu mstaafu,
Ghorofa ya tatu.

Baada ya kuandika: Nilishuka kukuletea barua hii mkononi. Kwako walinielekeza kwa fundi, na ulikuwepo, wewe na jengo zima. Nikasimama mlangoni nikaisoma kwa sauti, nawe ukasikia. Sikufika lalamiko la kwanza. Seremala alinikatiza: kumbe ni rangi tu? Ilidhihirika kuwa wote walidhani mwenye nyumba ameyapigilia misumari. Nikasema rangi imo kwenye waraka, ukurasa wa nane. Ikadhihirika pia kuwa hakuna aliyevuka ukurasa wa pili, ambapo bado naeleza hewa ni nini. Seremala akaomba wembe wa kufumulia mishono, akapanda, na madirisha yote manne yakafunguka kabla barafu ya kwenye jagi haijayeyuka. Nilikaa kumngojea. Doa la duara hapo juu ni tikiti maji.

Nafuta malalamiko yote manne. Ila limezuka jambo la dharura. Upepo sasa unapita mpaka chumbani kwa fundi, naye amesema kwa hali hii ya baridi haoni haja ya kukamua chochote kesho. Nimeandika waraka mpya wa kuomba dirisha la chini, lililo karibu na mlango wake, lifungwe tena. Una mistari miwili. Saini kumi na nne zimepatikana kwa robo saa, ya kwanza ikiwa ya mke wangu. Imebaki yako, maana uliondoka mapema, na tafadhali usiniambie kuwa unarudisha jagi.