Hadi Mvua Zikatike

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu hayupo tangu Ijumaa. Kaenda kwao, na kaondoka na beseni.

Naanza na beseni kwa sababu ndilo linaloniuma. Paa letu linavuja juu ya kitanda, katikati kabisa, na kwa misimu miwili ya mvua beseni limelala kati yetu kama mtoto. Nilimwahidi kuleta fundi. Nilimwahidi kwa dhati, kila wiki. Ijumaa kaamka, kamwaga maji dirishani, kavaa viatu, kabeba beseni na kwenda zake. Hata mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningepata la kusema.

Mchana baba mkwe kapiga simu. Sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya. Kasema nije Jumatano jioni, tukae, tuzungumze, nirudi na mke wangu. Sharti moja tu: paa liwe limezibwa. Nikaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, mkwe mwema kupita kiasi.

Fundi wa mabati alikuwa tayari kuja kesho. Nikamwambia asubiri kidogo, maana wazo lilikuwa limeshaniingia. Redio inasema mvua zitakatika katikati ya mwezi. Mvua zikikatika, paa halivuji. Paa lisilovuja halina kosa, na mwenye paa lisilo na kosa hana kesi ya kujibu. Kinachotakiwa ni kukisogeza kikao mbele tu. Mbona rahisi!

Na bahati hiyo hapo. Ninafundisha Kiingereza cha watu wazima jioni, katika chumba cha juu ya duka la rangi, na kitenzi cha leo kitabuni ni postpone. Nikaandika ubaoni maana yake: kuahirisha, yaani kulisogeza jambo hadi siku nyingine, siku hiyo ikitajwa, na nia ya kulifanya ikiwa palepale. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni kinyozi, na ni mwanafunzi wangu. Hukaa kiti cha mbele. Aliandika kila neno, ulimi nje kwa bidii. Nikaona fahari.

Jumanne, 4 Aprili

Nimempigia baba mkwe. Nimemweleza kwamba kikao, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu, kimeahirishwa. Nina mitihani ya kusahihisha. Sina mtihani hata mmoja. Akasema haya. Nikajipongeza kwa chai.

Chai haijapoa, simu tena. Baba mkwe anasema mwanawe kamweleza kwamba jambo likiahirishwa sharti litajwe siku yake mpya, na kama halikutajwa, hapo hakuna kilichoahirishwa. Kasema ni mafundisho ya mwalimu wake. Kwa hiyo anaomba siku.

Nimemsomesha mtu aje anifunge kamba! Nikatoa Ijumaa, kwa uchungu.

Jumatano, 5 Aprili

Tone limehama. Lilikuwa katikati ya kitanda, sasa liko kwenye mto wangu. Upande wa mke wangu mkavu kabisa. Ningeweza kulala hapo. Nimejaribu, nimeshindwa, mto wake bado una harufu ya mafuta yake ya nywele. Nimelala kwenye kiti. Shingo imekaza.

Mwalimu wa Kompyuta, ambaye tunagawana naye chumba cha darasa na ambaye hafuti ubao wake, kaniuliza shingo ina nini. Nikasema kusoma sana. Kasema ana bati moja lililobaki alipoezeka kwake, nikalichukue bure. Kajuaje? Mtaa mzima unajua. Bati lake silitaki. Atalisimulia mpaka nizeeke.

Jioni tulifanya matumizi ya kitenzi. Mwenye bucha katunga sentensi kwamba kaahirisha nyama. Nikamwambia nyama haiahirishwi. Kasema ana friji. Darasa zima likacheka, na Mwalimu wa Kompyuta akachekea mlangoni, ambako hakuna aliyemwita.

Ikafika zamu ya Shemeji. Akasoma kwa Kiingereza safi kwamba mume wa dada yake amemwahirisha dada yake. Nikamsahihisha: huahirishwa shughuli, si mtu. Akauliza basi mtu hufanywa nini. Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa haujaisha.

Ijumaa, 7 Aprili

Siku ya kikao. Mvua kama kawaida. Fundi kapita tena kuuliza. Nimemwambia bado kidogo.

Mbinu ya leo: homa. Saa nane nimemtumia baba mkwe ujumbe kwamba niko kitandani, daktari kanikataza kutoka, naomba radhi kwa wote. Ujumbe mzuri. Mpaka mimi mwenyewe nilijionea huruma.

Saa kumi nikapata habari kwamba Mwalimu wa Kompyuta kasikia naumwa, na atakitumia kipindi changu kuwafundisha wanafunzi wangu kuchapa barua. Wanafunzi wangu! Wakizoea mashine watarudi kwenye vitenzi? Nikajifunga skafu nikaenda mbio. Nikafuta ubao wake kwa mkono wangu mwenyewe. Nikageuka kulisalimia darasa, na aliyekaa mbele, miguu pamoja, kalamu mkononi, ni Shemeji.

Nilikuwa nimemsahau. Niseme ukweli, katika hesabu zangu zote sikumweka.

Kipindi kizima kanitazama skafu. Nikafundisha tofauti ya kuahirisha na kufuta kwa sauti ya mgonjwa, huku jasho likinitoka. Walipoondoka kabaki. Kauliza kwa heshima kama homa imeshuka. Nikasema imeniruhusu saa moja. Kasema sawa, mwalimu. Kisha kasema dada yake ameshafunga mzigo. Tangu adhuhuri kakaa sebuleni na begi miguuni, beseni juu ya begi, na kasuka nywele upya.

Hapo moyo ulinishuka. Nilijiona mtu mbaya na sikupenda. Nilifika hadi chini ya ngazi, mguu mmoja barabarani, na kama barabara ingekuwa kavu ningekwenda. Barabara ilikuwa mto. Nikamwambia Shemeji aseme Jumapili. Siku imetajwa. Kwa hili hakuna wa kunilaumu.

Jumapili, 9 Aprili

Asubuhi nimesikia ngazi ikigonga ukuta. Fundi! Sikumwita. Katumwa na baba mkwe, na keshalipwa huko.

Nimepata aibu ya mwaka. Mkwe kuzibiwa paa na baba wa mkewe! Kesho ningetazamwaje? Mwalimu wa Kompyuta angefurahi kiasi gani? Nikamwambia fundi kazi imeahirishwa. Fundi kauliza hadi lini. Siku hizi kila mtu mwalimu.

Hakuondoka. Kanywa chai yangu vikombe viwili, kisha kapanda, eti kutazama tu. Kashuka anasema ni bati moja limesogea na msumari mmoja umetoka. Kazi ya muda wa kuchemsha maji. Kasema nimruhusu apige nyundo mara tatu aende kwake.

Nilikataa katakata. Misimu miwili ya mvua, ndoa iko njia panda, ukoo mzima unanijadili, halafu iwe msumari? Haiwezekani. Anaficha tatizo kubwa. Tumebishana mpaka jua likazama nyuma ya mawingu, na kwa kuwa nilikuwa nabishana sikuweza kwenda kwa wakwe. Nilingoja simu ya baba mkwe niieleze. Haikuja.

Jumanne, 11 Aprili

Mke wangu kapiga simu. Mwenyewe! Mara ya kwanza tangu aondoke.

Hakugomba. Kauliza kama nakula. Nikasema nakula. Kauliza kama bado panavuja. Nikamweleza hatua zilizofikiwa. Kacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, halafu mvua ikasikika kwake na kwangu. Kisha kasema shangazi yake, yule mwenye duka la vitambaa mji mwingine, anatafuta mtu wa kulisimamia na kamtaka yeye. Anatakiwa kujibu Alhamisi. Kasema nije kesho. Kasema hata kama paa halijazibwa nije tu, tutalala upande mmoja.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilitaka kulia, na sababu sikuijua.

Baadaye nikatulia, nikafikiri kama mtu aliyesoma. Jumatatu ya wiki iliyopita sharti lilikuwa paa. Leo sharti limeondolewa. Maana yake msimamo wao unalegea. Kama Jumanne wamelegea kiasi hiki, kufika Jumamosi atakuja mwenyewe na begi lake, na baba yake nyuma akiomba radhi. Anayekimbilia kukubali mapema huharibu. Habari ya duka ni ya kunitisha tu; wanawake wa ukoo ule wote wanajua kutishia.

Nimemwandikia kwamba kesho nina darasa.

Jumatano, 12 Aprili

Nilikuwa na darasa kweli. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nikafundisha nikikitazama.

Mwenye bucha kauliza hivi mtu akiahirisha jambo mara nyingi sana, kuna kitenzi kingine cha hali hiyo, au ni kilekile? Nikamwambia swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho.

Mwalimu wa Kompyuta kafuta ubao bila kuambiwa, kaniwekea kiti, kaniambia pole. Pole ya nini? Mtu huyu ananikera hata akinyamaza.

Ijumaa, 14 Aprili

Jua!

Nimeamka kwenye kiti, nikaona mwanga sakafuni. Nikakimbilia chumbani. Kitanda kikavu. Mto mkavu. Nikagusa dari kwa fimbo ya ufagio: kavu. Nimesimama pale nikicheka peke yangu. Njama imefaulu, tena bila nyundo hata moja. Nani sasa atasema nyumba yangu inavuja? Aje na ushahidi!

Nikapiga pasi shati. Nikapita kwa kinyozi kumwona Shemeji, kibanda kimefungwa. Nikaenda kwa wakwe na nywele zangu hivyohivyo, nikitembea katikati ya barabara kavu.

Baba mkwe kanipokea vizuri. Kanipa kiti, kanipa maji. Nikamweleza kwamba paa sasa halivuji na kwamba nimekuja kumchukua mke wangu. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema mke wangu kaondoka jana na basi la asubuhi, kwenda kwa shangazi yake. Shemeji kamsindikiza.

Nikauliza anarudi lini.

Kasema hakutaja siku.

Nikamwambia labda basi kaahirisha tu kurudi. Mzee kasema yeye Kiingereza hajui, ila hilo neno mwanawe kamweleza vizuri sana. Hakulisema kwa hasira. Kaingia ndani, katoka na beseni letu, kanipa mkononi. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Kasema mke wangu kaacha maagizo kwamba nipewe mimi, kwa kuwa huko aendako hakuvuji.

Nimelibeba mtaa mzima kwapani. Watu walisalimia beseni kwanza, mimi baadaye. Upande wake wa kitanda nimeukuta kama ulivyo. Nimeketi hapo kidogo. Nyumba bila mtu ina sauti nyingi.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua imerudi. Redio inaomba radhi. Inasema sasa hadi mwisho wa mwezi ujao.

Nimelaza beseni kitandani mahali pake. Tone la kwanza lilipoangukia bati lake, nikasikia sauti ileile, na nikalala usingizi mzuri ambao sijaupata tangu aondoke.

Nimetafakari sana habari hii, na naona watu wanakosea kuielewa. Mwanamke anayeondoka moja kwa moja huchukua vyombo vyake. Huyu karudisha. Tena kalisugua kwanza! Mtu husugua kitu anachokusudia kukitumia. Nia ipo palepale, siku tu ndiyo haijatajwa, na mimi si mtu wa kumbana mtu kwa siku. Nitamwandikia. Kwanza nitafute maneno mazuri, halafu karatasi nzuri, wiki hii au ile nyingine.

Mwalimu wa Kompyuta kaleta lile bati mwenyewe, kaliegemeza ukutani. Baada yake kapita fundi, kaloa chapachapa, ngazi begani. Kasema yupo huru leo, na malipo ya mzee bado anayo. Nimemwambia haraka ya nini, beseni tunalo.