Mashine ya Makofi ya Haut-Zaïre

Ofisi ya Makofi ya Mkoa ilipata heshima ya kuutangazia umma kwamba, kuanzia sikukuu ya Novemba 1986, wananchi wa Kisangani hawatapiga tena makofi kwa kubahatisha. Mimi, Mkurugenzi wa Ofisi hiyo, naandika jinsi kazi ilivyofanyika, kwa sababu kuna watu mjini wanaosimulia vingine, tena huku wakicheka.

Tatizo lilijulikana. Akija mgeni kutoka Kinshasa, upande mmoja wa uwanja hupiga makofi, upande wa pili hula karanga. Ofisi ikaamua kutengeneza mashine. Tulimchukua Citoyenne Mwanahamisi, fundi wa mitambo ya redio kule uwanja wa ndege wa Bangboka, mtu pekee mjini aliyejua kuandika programu ya chipu. Alisema ndege zinamhitaji. Nilimweleza kwamba ndege zina ratiba, Chama hakina. Nikampa wiki tatu na barua moja: mashine ikifanya kazi, atarudi Bangboka, ikishindwa, mhusika wa kosa atahamishiwa Basoko kwa boti, na tarehe ya kurudi haitaandikwa.

Mashine ilikuwa sanduku lenye masikio matatu: moja kushoto kwa umati, moja kulia, la tatu jukwaani walipokaa wakubwa, ili heshima isikike pale inapopokelewa. Makofi yakitosha, kipaza sauti cha mgeni kinafunguka. Yasipotosha, kipaza sauti kinabaki kimefungwa, king'ora kinalia, na taa nyekundu inawaka mbele ya upande uliolegea.

Programu yote ilikaa ndani ya chipu yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ukikosea tarakimu moja, unaifuta nzima kwa mwanga mkali kupitia kidirisha hicho, kisha unaanza upya. Taa ya kufutia tuliiagiza mwaka 1983 na ingali njiani. Kwa hiyo tulitumia jua. Chipu tulikuwa nazo mbili. Iliyokosewa iliwekwa kwenye sahani juu ya bati la Ofisi kwa wiki nzima, na nikamteua mzee Assumani, tarishi wetu, kuwa Afisa wa Jua.

"Tonton, jua iko?" Mwanahamisi aliuliza kila asubuhi kutoka dirishani.

"Ilikuwa. Imeona daftari yako, imekimbia."

"Na chipu?"

"Iko kwa sahani, pembeni ya lituma yangu ya ndizi. Miye nakula upande huu, donc usiogope."

"Tonton, ukimeza ile chipu, sikukuu itakuwa tumboni mwako."

"Basi kuko na mutu atanipigia makofi nikicheua."

Mvua haikuheshimu muda wetu. Nilitoa waraka namba 14, unaoagiza inyeshe baada ya saa za kazi tu, na nakala ikapelekwa kituo cha hali ya hewa. Waraka ulitekelezwa kwa siku mbili.

Siku ya kumi na nane mashine ilifanya kazi. Niliikagua na kugundua kasoro ya itikadi: kipimo cha makofi kilikuwa sitini, na kilibaki sitini. Nilimwita Mwanahamisi na kumkumbusha kwamba Chama hakirudi nyuma wala hakisimami.

"Donc kila makofi ipite ile ya mbele?"

"Isipungue. Mashine ikumbuke makofi makubwa kuliko yote iliyoyasikia. Hayo ndiyo yawe kipimo."

"Papa Directeur, mashine haijui makofi. Inajua kelele. Ikisikia kitu inashinda mikono ya watu, hakuna mutu atasema tena mpaka kesho."

"Kelele gani inaweza kuwashinda raia?"

Alitazama bati juu ya vichwa vyetu. Alileta fomu ya mabadiliko.

"Bon. Andika basi, papa. Na utie sahihi pale kwa 'Mhusika'."

"Kwa nini mimi?"

"Wazo ni lako. Sifa nayo itakuwa yako."

Niliona kwamba msichana huyu ana adabu. Nilitia sahihi kwa wino wa kijani, mara mbili.

Chipu ya pili ilikuwa imeshafutika. Aliandika upya siku mbili mfululizo bila kuinua kichwa, huku Assumani akimlisha lituma ili vidole vyake visipate mafuta. Sanduku lilipofungwa nililipiga lakiri ya Mkoa. Lakiri hiyo huvunjwa na kamati ya watu saba, ambayo hukutana Alhamisi.

Sikukuu ilikuwa Jumatatu.

Mgeni alifika. Umati ulipiga makofi: sabini na moja, kwa mujibu wa mashine. Kipaza sauti kikafunguka. Mgeni akasema, "Citoyens, citoyennes," na mvua ikanyesha. Jukwaa nililiezeka mwenyewe kwa mabati mapya, kwa heshima yake. Sikio la tatu lilisikia tisini na saba, na hicho kikawa kipimo kipya. Kipaza sauti kikajifunga.

Mvua ilikatika baada ya dakika kumi. Umati uliloa, lakini ulipiga makofi kwa nguvu zote: sabini na nne. King'ora kililia. Taa nyekundu iliwaka mbele ya upande uliolegea, nao ulikuwa jukwaa. Wakubwa hawapigi makofi, wanapigiwa. Hilo halikuwa ndani ya programu.

Umati uliitazama taa, kisha ukatutazama sisi.

"Papa wa suti ya abacost," mama mmoja mwenye beseni la karanga aliita, "piga na weye kidogo. Hiyo mikono iko ya nini?"

Mgeni alipiga. Basi sote kumi na wawili tukapiga, tukiwa tumesimama. Umati, kwa kuona kazi imepata wenyewe, ulikaa chini na kununua karanga. Alama yetu ya juu kabisa ilikuwa ishirini na tatu. Tulipiga makofi kwa saa moja na dakika arobaini, hadi umeme wa mji ulipokatika, kwa mara ya kwanza kwa manufaa ya Chama.

Mgeni, viganja vikiwa vyekundu, aliuliza nani mhusika. Mwanahamisi alimpa fomu. Sahihi zilisomeka vizuri, zote mbili. Kesho yake fundi alirudi Bangboka, na Assumani alimsindikiza hadi njia panda akiwa amembebea sahani.

Mimi naandika kutoka Basoko, mahali penye hewa safi. Nimeletewa ile mashine ili niendelee na utafiti, na kumbukumbu yake ni kamili. Ofisi yangu imeezekwa kwa bati. Nina hotuba ya kujitambulisha kwa wananchi, kurasa tisa, na kipimo sasa ni tisini na tisa. Mvua inanyesha kila alasiri. Bado sijaanza kusoma.