Msiba wa Duka la Magodoro

Jumatatu, 9 Juni 2025
Watu wa kodi wameingia Mkuyuni. Duka la Alexander, jirani yangu, limeshapigwa mnyororo. Pango limepanda, leseni imepanda, kuna ada ya taka, kuna ya zimamoto. Na magodoro hayatoki. Wateja wangu wa viwanda vya Nyakato wamepunguzwa kazini, wanalala kwenye mikeka. Kila duka likifungwa, sisi tuliobaki tunakamuliwa zaidi. Tukiisha wote, atakamuliwa nani?
Nimefunga mlango, nikabandika karatasi: TUMEFUNGA KWA SABABU YA MSIBA. Mke wangu Selina kasema nitaita kifo. Yeye biashara haijui.

Jumanne, 10 Juni
Wamepita. Wamesoma, wamenong'ona, wameondoka. Mimi ndani, katikati ya magodoro, nimebana pumzi hadi masikio yakavuma. Nina akili sana.
Jioni Dorcas, mama lishe wa mbele yetu, kagonga kuuliza nani kafariki. Ulimi ukateleza. Nikamtaja mjomba Ngosha wa Kigongo. Kigongo ni mbali, hatasikia.

Jumatano, 11 Juni
Dorcas kaleta sufuria la wali. Wenye maduka wamechanga rambirambi, na wengine najua hawajauza kitu wiki nzima. Nimepokea zote. Kina mama wamekalia magodoro mapya, wanalia. Mmoja kamwaga chai kwenye la inchi nane. Hapo nikalia kweli. Wakasema nilimpenda sana mjomba.

Alhamisi, 12 Juni
Mjomba Ngosha amekuja. Kapata habari kuwa mimi, Mhoja wake, nimefiwa, akapanda gari aje kuzika.
Nikamwamkia shikamoo.
"Marahaba, mwanangu. Tunamzika nani?"
Nyuma yake akaingia Bi Nusrat, ofisa wa kodi, na bahasha ya pole. Akasema kwa upole kwamba alitaka tu kunieleza naweza kulipa kwa awamu, kisha akauliza marehemu alikuwa nani.
"Ndiye huyo," akasema Dorcas, ambaye mjomba alishamtajia jina lake mlangoni, "anayetafuta pa kukaa."
Mjomba hakunitukana. Aliniuliza nilimuua kwa ugonjwa gani. Nikasema presha. Akainama, akashika kifua chake, akakaa hivyo muda mrefu. Hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata kwa mtu wa kodi.

Ijumaa, 13 Juni
Rambirambi nimerudisha, mlango kwa mlango. Ofisini Bi Nusrat kanipangia awamu, kasema nifungue duka, likifa duka hata serikali haipati kitu. Kaongea vizuri mno. Ndiyo maana nimeogopa. Awamu maana yake watanifahamu kila mwezi, kwa jina na kwa sura.
Hapana. Machinga wa kutembeza, mwenye kitambulisho chake, habughudhiwi na watu wa kodi. Kesho naazima kitambulisho cha Muharami, muuza soksi, nitembeze magodoro kichwani. Kwenye picha yeye ni mwembamba, ana ndevu, mimi sina. Lakini chini ya godoro, nani atauona uso?