Glavu za Mbuta

Jumatatu, 3 Juni. Mbita.
Priscah, mwenye karakana yetu ya shanga za vioo, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua mtu wa tanuri. Atakayebaki ataosha chupa kuukuu tunazoyeyusha. Tuko wawili, mimi na Gordon. Sharti: kila mmoja aje na glavu zake za ngozi, maana fimbo inayoshika kioo huwa moto hadi mkiani. Gordon anazo tayari. Huzivaa hata akinywa chai.

Jumanne, 4 Juni.
Elkana, fundi viatu, ana mabaki ya ngozi ya ng'ombe. Amesema atanishonea, nirudi Ijumaa. Kungoja ni kazi ya wasio na akili. Nimevaa soksi za nailoni mikononi. Zimeyeyukia kwenye koleo. Priscah ameuliza kama nimelioa.

Jumatano, 5 Juni.
Gunia lililoloweshwa. Mvuke mwingi. Malengelenge mawili. Gordon akaniita omera, yaani ndugu, akataka kujua kama nachemsha mkono au viazi. Nimemwambia ni siri ya kazi.

Alhamisi, 6 Juni.
Ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani! Watu hushona mikoba nayo. Adhiambo, anayepasua samaki ufukweni, amenipa vipande viwili na onyo: isipotiwa dawa na kukaushwa, hiyo bado ni kitoweo. Nikamwambia yeye ashughulike na minofu. Nimeshona kwa uzi wa nyavu. Zinanikaa vizuri. Paka watatu wamenisindikiza nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni.
Nilianza vyema. Kioo kilizunguka, Priscah akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha harufu. Si mbaya, kusema kweli. Uzi ukayeyuka, ngozi ikajikunja, mama mmoja akachungulia mlangoni kuuliza samaki ni wa bei gani. Nikaangusha fimbo. Gordon ndiye aliyenikimbizia maji, na hilo limeniuma kuliko kidole. Paka akaondoka na glavu ya kushoto. Priscah amesema, kijana wangu, nenda kwa chupa, huko maji ni baridi.

Jumapili, 9 Juni.
Elkana amekuja na glavu za ng'ombe, zimekamilika tangu Ijumaa. Nimemrudishia kwa heshima. Kosa nimeshaligundua: mbuta ana ngozi nyembamba. Kesho natafuta kamongo, samaki mnene wa matopeni. Paka wa jana amelala mlangoni kwangu. Yeye ananiamini.