Ndizi Inayommaliza Shangazi

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Wifi yangu Ciza amevuka mpaka kwenda Bukavu kuuza vitenge vyake. Atarudi Alhamisi jioni. Kaka yangu yuko safarini na lori, kwa hiyo nimeachiwa mtoto wao, Shimwa, miaka sita, pamoja na nywele zake. Nimekabidhiwa nywele kwanza, mtoto baadaye! Jumamosi anabeba maua kwenye harusi ya mama yake mdogo. Septemba anaanza shule ya msingi na kichwa kitanyolewa kama cha wenzake wote. Picha ya Jumamosi ndiyo ya mwisho. Wifi amelirudia hilo mpaka mlangoni, kama vile mimi ni mjinga.

Agizo: nisiguse. Jumatano atakuja Drocella, jirani, kumsuka.

Drocella! Kila Jumapili mtoto anakaa chini katikati ya magoti ya yule mwanamke, ametulia, karibu kusinzia. Mimi nikishika chanuo tu, analia kabla sijafika. Tena nimewaona wakinong'onezana. Anamwambia siri. Mimi, dada wa baba yake, sijawahi kuambiwa hata moja. Inaniuma sana, naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Na shule ikifunguliwa nywele zimekwisha. Magoti ya mtu yeyote hayatakuwa na kazi tena. Lazima nifanye haraka.

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Drocella. Nimemwambia wifi amebadili mawazo, mtoto atasukwa Bukavu. Akaniangalia, akasema sawa. Hakuuliza kitu! Nilikuwa nimeandaa uongo wa pili na wa tatu. Imebidi nirudi nao nyumbani.

Kisha dawa. Kwenye simu kuna mama mmoja anasema ndizi mbivu hulainisha nywele za kipilipili mpaka mtoto hasikii chanuo. Mimi nauza matunda! Nina kikapu kizima cha kamaramasenge, vile vindizi vidogo vitamu, vimeanza kuwa vyeusi, wateja wanavipita. Jina hilo kwa Kinyarwanda maana yake ni kinachommaliza masenge, yaani shangazi. Nimecheka peke yangu. Shangazi gani wa kumalizwa na ndizi?

Shimwa amesema mama yake hutumia maji na mafuta tu. Nimemjibu kwamba dunia inakwenda mbele. Yule mama wa kwenye simu anasaga kwa mashine; mimi nimeponda kwa uma. Yeye anasema nusu saa. Mimi nimempaka mchana na kumfunga kilemba mpaka jioni, ili iingie vizuri. Hakulia! Ameuliza tu kama anaruhusiwa kulamba. Siku nzuri kabisa.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Ndizi imekauka kichwani. Nimeosha, nimeosha tena. Kila msokoto wa nywele umekumbatia kipande chake na hauachii. Nimeingiza chanuo. Kimetoka bila meno mawili. Mtoto amelia, nami nimelia. Mchana wakaja nzi, wale wadogo wa matunda, ambao huwa naona kwenye kikapu tu.

Drocella amepita, akaona kilemba, akauliza habari za safari ya Bukavu. Nimesema imeahirishwa. Shimwa akafungua mdomo aeleze. Nikamtia mdomoni sambaza, vile visamaki vya ziwani vya kukaanga.

Wifi amepiga simu ya video, anataka kuona nywele. Nimemwambia mtandao hausomi, wakati namwona mpaka hereni zake. Akasema biashara imekwisha mapema, anarudi kesho asubuhi.

Asubuhi!

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Naandika ovyo, vidole bado vina mafuta.

Kulipokucha tu nimempeleka Shimwa saluni sokoni, kwa Christophe-Aimé. Nimeomba dawa ya kulainisha nywele, nikiamini kila kitu kitateleza na kutoka. Akauliza umri. Nikasema kumi na miwili, ukoo wetu ni wa watu wafupi. Hakuamini, lakini akamfunga kitambaa shingoni na kufungua kopo. Ile harufu! Shimwa hakulia. Alishika kidole changu.

"Masenge, hii itachoma?"

Jibu nalijua. Kovu la dawa hiyo ninalo nyuma ya sikio, nami nilikuwa mtu mzima. Nimembeba, tukatoka mbio. Nimefika nyumbani ndipo nikaona kitambaa cha saluni bado kiko shingoni mwake. Sasa mimi ni mwizi pia.

Simu ikalia. Wifi: amemaliza foleni pale mpakani, Rusizi ya kwanza, anatafuta pikipiki.

Nikachukua mkasi. Naandika ukweli. Niliwaza nikate zote na kusema chawa. Nilishika fungu la kwanza, pale juu ya paji. Mkasi ulikuwa umeshafunguka. Shimwa aligeuka polepole, akauona, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani:

"Wachia mkasi, Masenge. Leta maji na mafuta. Unaanziaka ku mwisho wa nywele, haiko ku kichwa. Na vidole."

Nikaleta. Akakaa chini. Maji, mafuta, vidole, fungu moja baada ya jingine. Kipande cha ndizi kikatoka. Kingine. Sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu, huku masikio yako barabarani, kila pikipiki naiona ni yake. Mpaka nusu ya kichwa ndipo nikagundua: mtoto yuko katikati ya magoti yangu, kanilalia pajani. Nilitamani wifi apate pancha.

Nikauliza siri anazomwambia Drocella.

"Hakuna siri," akasema. "Nikisema inaumia, anaachaka. Njo ile tu."

Wifi alikuwa ameshasimama mlangoni. Sijui tangu lini. Aliangalia kitambaa cha saluni, mkasi, kikapu. Akaokota ganda moja jeusi sakafuni.

"Kamaramasenge," akasema.

Akavua viatu, akakaa upande wa pili, akaanza kutoa ndizi. Kila kipande alichotoa alikipanga kwenye goti langu. Afadhali angenipiga.

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Harusi imepita salama. Ijumaa Drocella alimsuka mistari mizuri, inaudhi. Kwenye picha watu wote wanaangalia mbele isipokuwa Shimwa, anaangalia juu, kwa sababu ya nyuki aliyefuata harufu ya ndizi. Wifi amesema ataitundika hivyo hivyo. Kisha akanitazama.

Lakini leo! Leo mchana Shimwa amekuja mwenyewe, na kopo la mafuta mkononi, ameniomba nimfumue mistari. Mimi! Drocella alikuwepo uani kwake, ameona kwa macho yake mawili.

Nimemkalisha. Ametulia. Sikutaka achoshwe na ukimya kama anavyochoshwa kwa Drocella, kwa hiyo nimemsimulia mambo: vita vyangu na muuza nanasi, na jinsi nilivyomkataa yule mwalimu wa Gitambi, na jinsi alivyonikataa yeye kwanza. Mikono inafumua, mdomo unakwenda. Raha tupu. Katikati ya habari za mwalimu akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Masenge, inaumia."

Nikamwambia avumilie kidogo, nafika pazuri.

Sasa yuko kwa Drocella. Namwona hapa dirishani, amesinzia, nusu kichwa kimefumuliwa. Yule mwanamke hasemi chochote. Hana hata hadithi moja! Sijui anampa nini yule mtoto.

Shule inakaribia. Kesho najaribu parachichi.