Marehemu Amekohoa Sebuleni Kwangu

Jamani, leo heshima yangu imezikwa. Tena kwa turubai, sala na ugali.

Kwa wasionijua: mimi ni Baba Kulwa wa Nyahanga, hapa Kahama. Darasa la nne nililiacha katikati, nikaenda Geita kuchimba kwa sululu ya kuazima. Leo nina karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu, nyumba ya vyumba saba, ukuta wenye vipande vya chupa juu, na luninga ya inchi themanini na tano. Themanini na tano! (Fundi alikuja na wenzake watatu kuibeba.) Umeme ukikatika na kurudi, inawaka yenyewe na kuendelea pale pale ilipoishia. Kumbukeni hilo. Ndilo lililonimaliza.

Vyumba saba, nalala kimoja. Kulwa yuko Dar. Dotto ameolewa Mwanza, akajifungua, na mama yake akaenda kumsaidia kulea mtoto. "Wiki mbili tu, Baba Kulwa." Huu ni mwezi wa nane. Siku hizi nikipiga simu anapokea mjukuu, anaipulizia mate, inakatika.

Basi ndiyo nikaanza tamthilia. Nilijaziwa kwenye flashi pale Nyasubi, imetafsiriwa Kiswahili na yule jamaa anayepiga kelele kuliko waigizaji. Anasema ni hadithi ya kale sana, enzi za wafalme na mapanga, ya binti wa mfalme aliyesukumwa baharini peke yake kwenye boti isiyo na kasia. Hawa wa sasa wameigeuza. Binti ni mkimbizi wa vita, anaitwa Nuria. Anaokotwa ufukweni kwenye nchi ya baridi, anaosha vyombo, anaolewa na mtu mwema. Mume anasafiri. Mama mkwe anachukua simu, anafuta meseji ya mwanawe na kuandika yake: "Ondoka. Sikutaki." Nuria anarudi majini na mtoto mgongoni.

Wadau, mimi nimeshuka shimoni mita sabini kwa kamba. Nimefukiwa na kifusi nikatoka nacheka. Lakini yule mama mkwe aliponyanyua ile simu nilisimama nikampigia kelele: "Iache! Iache hiyo simu, mchawi wewe!"

Hakuacha.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi. Spika zote nimefungulia, maana ninazo. Boti ikapinduka. Wanawake wa ufukweni wakaanza kile kilio cha kujitupa chini. Mkono wa Nuria ukaonekana juu ya maji, ukazama. Na mimi nikaanza kulia. Kidogo kidogo kwanza. Halafu sijui nini kilinipata, nikajikuta naita "Mayu! Mayu wane!" kama siku aliyokufa mama yangu.

Hapo umeme ukakatika.

Luninga ikanyamaza. Mimi sikunyamaza.

Kwetu huku, ukisikia kilio hicho huulizi. Unafunga kanga kiunoni unakwenda. Geti likagongwa, nikafungua na kamasi zangu, na Mama Shija wa nyumba ya mbele akanivamia kwa kunikumbatia.

"Pole, baba. Pole sana, jamani. Pole."

Nilifungua mdomo nimweleze. Haki ya Mungu niliufungua. Ila tangu Mama Kulwa aondoke, hakuna mtu aliyenishika hata bega. Mdomo ukasema: "Asante, Mama Shija."

Nusu saa tu! Mabenchi yakaingia. Turubai likaingia. Wanawake wakawasha moto nyuma ya nyumba, masufuria yakaja vichwani. Wanaume wakakaa uani kwangu, wengine ndiyo mara ya kwanza kuona kuna nini nyuma ya ule ukuta. (Kuna ua. Na kiti kimoja.)

Na mimi, jamani, nikawa nasikia sauti za watu ndani ya nyumba yangu. Mtu anauliza chumvi iko wapi. Mtu anacheka, ananyamazishwa. Nilikaa sakafuni katikati yao nikaona aibu, maana misiba yao mimi huwa siendi. Natuma gunia la mchele kwa pikipiki. Nimewahi kujiuliza usiku: nikifa mimi nani atakuja, au na wao watanitumia mchele?

Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi, akaniinamia.

"Baba Kulwa, pole. Marehemu ni nani yako?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nani?"

Nikatazama yale mabenchi. Nikisema ukweli, yanabebwa.

"Nuria," nikasema.

"Ni dada?"

"Kama dada. Alikuwa mkimbizi. Amezama majini, na mtoto."

"Iyii! Na mtoto!" Mama Shija akapiga magoti analia kweli. "Alikuwa anatoka wapi, maskini?"

"Mbali sana. Alifukuzwa na mama mkwe."

Wanawake wakaguna wote. Mmoja nyuma akasema, "Hao ndivyo walivyo." Mtu akaniletea uji. Nikaunywa wote. (Ulikuwa mtamu. Nisemeje?)

Saa sita kasoro katekista akafika. Tukaingia sebuleni wote, tumebanana. Akatufumbisha macho.

"Baba, tunamkabidhi kwako dada yetu Nuria, aliyezama na mwanawe katika maji makuu..."

Wadau, umeme ukarudi.

Spika zote. Inchi themanini na tano. Mtafsiri akaunguruma juu ya vichwa vyetu: "HAJAFA JAMANI! NURIA HAJAFA! HUYOOO ANATOKA!"

Katekista aliruka akamkanyaga Mzee Masanja. Nuria akatoka majini, uso mkubwa kama mlango, mtoto mgongoni mzima kabisa, akapiga magoti mchangani na kukohoa.

Mzee Masanja akatazama luninga. Akanitazama mimi.

"Baba Kulwa. Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye, mzee."

"Mbona anakohoa?"

Nilitamani shimo. Mashimo ninayo mawili, yote yako Geita!

Mama Shija ndiye aliyeanza kucheka. Alianza na mabega. Halafu akadondoka kwenye sofa langu la ngozi, analia machozi yale yale aliyokuja nayo, na sebule nzima ikafuata. Katekista peke yake alikuwa anatafuta kiatu.

Nikasema nitawalipa ng'ombe kwa usumbufu. Ng'ombe mzima! Nimezoea kumaliza mambo hivyo. Mzee Masanja akatikisa kichwa.

"Utatoa mbuzi, wala si kwa pikipiki. Utachinja mwenyewe. Na msiba mwingine hapa mtaani utakuja na miguu yako, ukae chini na sisi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Ugali ulikuwa umeshaiva, wakala. Na Mama Shija, mdomo umejaa: "Hebu rudisha mwanzo. Nataka kumwona huyo mama mkwe." Wakakaa mpaka saa tisa. Walimtukana vizuri kuliko mimi.

Sasa wameondoka. Wamebeba mabenchi, nyumba inasikika ilivyo tupu. Lakini hiyo siyo aibu niliyotaka kuwaambia.

Saa tisa na nusu simu ililia. Mama Kulwa. Mwenyewe, siyo mjukuu.

"Baba Kulwa! Nimepigiwa, wanasema nyumbani kuna turubai! Nani amekufa? Niko stendi, natafuta basi!"

Nyuma yake wapiga debe wanaita Kahama, Kahama. Nilifungua mdomo nimweleze.

"Mtu wa mbali, humjui," nikasema. "Wewe njoo tu."

Akakata. Yaani nimedanganya kwenye simu kama yule mama mkwe, ila yeye alifukuza mtu. Nimefagia ua, nimeongeza kiti cha pili.

Msicheke. Na mwenye namba ya Mama Kulwa naomba asimwambie chochote mpaka basi lipite Tinde, maana akifika huko karibu na Kahama hawezi tena kugeuka.