Jinsi Cate Binti Njogu Alivyovuka Barabara Hadi kwa Ayan

Sogeeni, enyi watu wa Kitengela, lazeni simu zenu kifudifudi mtege masikio, kwani nawasimulia safari ya Cate binti Njogu, aliyevuka barabara ya vumbi yenye upana wa hatua ishirini na kurudi akiwa hai.

Siku tatu mfululizo Cate alikuwa amezingirwa na adui asiye na mkuki: tiki moja ya kijivu kwenye simu, alama ya ujumbe usiofika. Alikuwa amemtumia Ayan, rafiki yake tangu chekechea, ujumbe kumi na saba, na kila ujumbe ulisimama na tiki moja kama askari wa mguu mmoja. Ameniblock, aliwaza, na moyo wake ukaporomoka kama ukuta wa mji uliotekwa. Usingizi ulimhama. Chapati za mama yake, zilizokwisha kushinda majeshi mengi ya njaa, zilipoa mezani.

Ndipo mama yake, Wahu, akasimama mlangoni na kuhutubia: "Ewe binti wa Njogu! Nyanya yako alihamia hapa na gunia moja la viazi, hakutetemeka. Wewe unaogopa geti la kina Ayan? Hata mbuzi wa jirani yetu Saning'o huvuka hapo, na hawana bando!"

Shujaa akainuka. Simu akaiacha kitandani. Akapenya katikati ya bodaboda zilizonguruma kama tembo wa vita, mikono yake mitupu isijue pa kukaa, akafika getini, akageuka arudi, akageuka tena, akabisha.

Ayan alifungua, unga hadi kwenye viwiko.

"Mbona umeniblock?" Cate alinguruma, ila sauti ilitoka ya kifaranga. "Nimekukosea nini?"

"Nikublock? Uko sawa kweli? Nimefuta app zote kwa ajili ya mfungo, mpaka Idi. Si nilikwambia Alhamisi, tukiwa kwenu? Ukasema 'sawa', hata hukuinua macho kutoka kwa simu!"

Mshale huo Cate hakuwa na ngao ya kuukinga.

"Pole, Ayan."

"Na mimi nimekungoja uje siku tatu, nikadhani umenichoka. Ingia tufunge sambusa. Ukionja kabla ya adhana, hapo nitakublock."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mji huu kwamba jioni hiyo sambusa arobaini zilifungwa, moja tu ikapasuka, na kwamba Cate binti Njogu, mshindi wa hatua ishirini, alirejea nyumbani na unga puani, akala chapati tatu baridi bila hata kuzipasha.